Mti Uliokwisha Kuzaa

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Walburga alifagia maranda katika karakana ya baba yake, Diebold, fundi wa mapipa ya divai. Siku hiyo ya kuamkia Krismasi alifagia upesi, kwa kuwa alitumwa msituni kuleta mti.

Hapo awali mti wa Krismasi ulisimamishwa katika ukumbi wa waoka mikate tu, ukapambwa kwa matofaa na mikate myembamba. Sasa karibu kila nyumba katika nchi ya Alsasi ilitaka wake, na msitu ukaanza kupungua. Ndipo baraza la mji lilipoamuru kwamba kila nyumba ikate mti mmoja tu, tena mchanga, usiozidi urefu wa viatu vinane. Aliyevunja amri alinyimwa mbao za msitu, na fundi wa mapipa asiye na mbao hana kazi.

Miti michanga aliyoiona Walburga ilikuwa na matawi machache. Akapanda msonobari mkubwa, akakata kilele chake kilichosheheni matawi. Baba yake alipomkuta njiani na kumsaidia kubeba, Walburga alimwambia kwamba ni mti mdogo wa bondeni.

Langoni mwa mji, mlinzi wa msitu, Mzee Mang, aliupima kwa kiatu chake. Urefu ulikuwa sawa. Kisha akashika vitunda vikavu vya mbegu vilivyoning'inia matawini.

"Diebold, mti wa kimo hiki hauzai. Sijapata kuona mtoto mchanga mwenye wajukuu. Hiki ni kilele."

"Binti yangu hasemi uongo, Mang."

Nyuma yao mwoka mikate mmoja akasema kwamba leo pipa la Diebold linavuja, na watu wakacheka. Diebold akavua kofia, akainua mkono ili aape mbele yao.

Walburga aliutazama mkono ule.

"Baba, usiape. Nilipanda mti mkubwa, nikakata kilele."

Mkono ukashuka. Mang akaeleza kwamba msonobari ule hautanyooka tena, wala hautatoa mbao nzuri. Akauchukua mti. Hata hivyo, kwa kuwa mtoto alikiri mwenyewe, hakumnyima fundi mbao; badala yake Walburga alitakiwa kupalilia miche msituni theluji ikiisha.

Walirudi nyumbani mikono mitupu. Mlangoni Diebold akasema, "Msitu umeukosea, na utaulipa kwa jembe. Lakini uongo wako nusura niuapie mimi. Ukidanganya, mwanangu, mzigo humwangukia yule anayekuamini."