Galoni la Ernestina

Ernestina wa Zagayu hakuwa na mzaha na pamba yake. Chakula cha nyumba yake mwaka mzima kilitoka humo. Kila asubuhi alipita shambani akigeuza majani. Siku hiyo aligeuza jani moja, akasonya. Vidukari walikuwa wamejaa, wanene, wametulia kama wako kwao!

"Maige!" alimwita mumewe. "Nimepuliza mara mbili! Nuruddin katuuzia maji!"

Maige akamwambia apoe kwanza. Apoe? Alibeba chupa ya dawa, kikombe chake cha kupimia na galoni lake la njano, huyo akaenda dukani.

Alimkuta Nuruddin, mwenye duka, akiongea na Joyness, bibi shamba wa kata.

"Mwangaluka, mayu," Joyness alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Leo sina mwangaluka! Muulize huyu ananiuzia nini!"

"Haki ya Mungu, dawa ni nzima," Nuruddin alijitetea. "Imetoka Marekani."

"Basi irudi huko huko!"

Joyness alisoma kibandiko. Kiliandikwa kwa Kiingereza. "Ulichanganyaje, mayu?"

"Kama alivyonisomea huyu. Aunsi moja kwa galoni moja. Kikombe hiki cha aunsi, kimoja tu, ndani ya galoni hili." Alilipiga kofi galoni lake.

Joyness akashika kichwa. "Loo! Hili ni la lita ishirini. Galoni ya Wamarekani ni lita tatu nukta nane tu."

"Ati nini?"

Joyness alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Akamimina chupa mbili na nusu ndani ya galoni. Maji yalibaki chini kabisa.

"Galoni yao ndiyo hiyo. Gawa lita ishirini kwa tatu nukta nane, unapata tano na robo. Kwa hiyo hapa vinaingia vikombe vitano na robo. Aunsi yao ni kama mililita thelathini. Ulihitaji karibu mililita mia moja sitini, ukaweka thelathini."

Ernestina alichemka. "Kumbe nimebeba bomba mgongoni nikiwaogesha wadudu! Nuruddin, unauzaje dawa ambayo hujui kipimo chake?"

"Nimekosa, mama," Nuruddin alisema. Papo hapo akaandika vipimo vya lita kwa Kiswahili, akavibandika kwenye kila chupa. Ernestina alisimama pale pale mpaka ya mwisho.

Jioni alipuliza upya, kwa kipimo sahihi. Baada ya wiki aligeuza majani mstari mzima. Vidukari walikuwa wachache wa kuhesabika, na pamba ilianza kutoa maua. Alicheka peke yake.

Siku moja jirani yake Benedikta alipiga hodi. "Dada, niazime galoni nikachanganyie dawa."

"Galoni sina!" Ernestina alifoka. Kisha akamletea lile la njano. "Nina dumu la lita ishirini. Sema hivyo, ndipo nikupe."