Ikupa Aacha Ugali

Ikupa anauza vitenge Tunduma, karibu na mpaka. Anaishi Chapwa na mume wake, Zabron, ambaye ni fundi wa matairi ya malori. Binti yao, Diana, anasoma sekondari ya bweni.

Kila asubuhi Ikupa alipanda bodaboda hadi kwenye kibanda chake. Alikunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi. Kisha alikaa. Wateja kutoka Zambia walimsalimia, "Muli shani, bamama?" Naye aliitikia, "Bwino!" akiwa amekaa vilevile. Mchana alikula wali, akashushia na soda. Jioni alipika ugali. Ulikuwa ugali hasa, si wa kubabaisha.

Maisha yalikuwa mazuri, isipokuwa jambo moja. Mama yake, bibi Sekela, anaishi Ibaba, juu mlimani. Gari huishia bondeni. Kutoka hapo mtu hupanda kwa miguu.

Siku ya Pasaka Ikupa alijaribu kupanda. Pumzi ilikata. Magoti yaliuma. Akakaa kwenye jiwe kubwa katikati ya njia, akashindwa kuendelea. Bibi Sekela alisubiri mpaka akachoka. Akachukua fimbo yake, akashuka. Walisalimiana palepale kwenye jiwe, wakaongea kidogo, wakaagana. Ikupa hakufika nyumbani kwao. Mzee mzima ndiye aliyemfuata binti yake! Aibu hiyo ilimuuma kuliko magoti.

"Lazima nipungue," alimwambia Loisi, anayeuza viatu kibanda cha jirani.

"Basi ingia kwenye shindano letu la kupungua, liko kwenye kundi la simu," Loisi alisema. "Linaitwa paleo. Ni kula kama watu wa kale, kabla ya kilimo. Nyama, samaki, mayai, mboga na matunda. Hakuna nafaka, maharage, maziwa wala sukari."

"Kwa hiyo hakuna ugali?"

"Hata harufu yake!"

Jioni ile Ikupa alimtangazia mume wake.

"Mama Diana," Zabron alisema, "babu yangu alikula ugali wa ulezi mpaka meno yakaisha."

"Huyo ni babu wa juzi," Ikupa alijibu. "Mimi nafuata wa zamani zaidi."

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ikupa alikula nyama choma na mayai. Alikula na maparachichi. Parachichi halikukatazwa, kwa hiyo alilila asubuhi, mchana na jioni. Nyama ilipokosekana, aliongeza parachichi. Nani mwingine angempikia Zabron? Hakuna. Ikupa aliendelea kumpikia ugali wake, na harufu ilimtesa. Akawa mkali. Mteja aliyeomba apunguziwe bei alifokewa mpaka akakimbia. Siku nyingine Ikupa alisimama ghafla, akaona kizunguzungu.

Jumapili moja mchana Zabron alirudi kula. Jikoni hakukuta sufuria. Akazunguka nyuma ya nyumba. Ikupa alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria iko mapajani, bakuli la kisamvu pembeni.

"Mama Diana, ugali wangu uko wapi?"

"Labda paka," Ikupa alisema, mdomo umejaa.

"Paka wetu siku hizi anakula na kisamvu?"

Ikupa aliangua kicheko. Kisha machozi yakamtoka.

"Nimeshindwa, Baba Diana. Nataka kupanda kwa mama kwa miguu yangu. Mama anazeeka. Siku moja hataweza kushuka, na mimi sitaweza kupanda. Tutaonana wapi?"

Jirani yao, Ruti, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Ruti ni nesi wa zahanati. Akachungulia.

"Jamani, mnacheka au mnalia?"

"Vyote viwili," Zabron alisema. "Karibu, jirani. Tusaidie."

Ruti alisikiliza habari yote.

"Shindano lako lina mazuri yake," alisema. "Umeacha soda, sukari na maandazi. Hapo nakupongeza. Lakini dona, ulezi na maharage vimekukosea nini? Vinatupa nguvu, na vinashibisha. Ubaya si ugali. Ubaya ni mlima wa ugali."

"Na parachichi?"

"Ni zuri sana, ila lina mafuta mengi. Kipande kinatosha. Kuruhusiwa si kula gunia, Mama Diana!"

Zabron alicheka. Ikupa akamkata jicho.

"Na kizunguzungu je?"

"Kina sababu nyingi, tusibahatishe. Kesho njoo zahanati tupime presha na sukari. Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Afadhali. Mtu wa dawa za kisukari akiacha vyakula ghafla, sukari inaweza kushuka, akaanguka. Aongee kwanza na mhudumu wa afya. Mjamzito pia."

Ruti aliomba sahani. Akaigawa kwa mwiko.

"Nusu hii ni mboga za majani. Robo hii ni ugali wa dona. Robo hii ni maharage, samaki au nyama. Mafuta ya kupikia yawe kidogo."

Zabron aliikodolea macho ile robo ya ugali.

"Jirani, huu ni ugali au ni sampuli?"

"Wewe unabeba matairi, utaongeza kidogo," Ruti alisema. "Lakini mboga ni zilezile. Wote mle sufuria moja. Na wewe, Mama Diana, bodaboda iachie njiani. Sehemu iliyobaki, tembea. Magoti yakizoea, ongeza."

Kesho yake Ikupa alipimwa zahanati. Presha na sukari vilikuwa sawa. Ikupa akaanza upya. Alikunywa maji badala ya soda. Alishuka kwenye bodaboda kabla ya kufika, mwisho akawa anatembea njia nzima. Uzito haukushuka haraka. Wiki nyingine haukushuka kabisa, akanuna. Ruti alimwambia avumilie. Taratibu gauni lilianza kulegea. Wateja wakaanza kumkuta amesimama.

Krismasi ilipofika, Ikupa na Zabron walienda Ibaba. Gari liliwashusha bondeni. Walipanda polepole, mvua ikinyunya. Walifika kwenye lile jiwe kubwa. Ikupa alipumzika kidogo, akainuka. Zabron ndiye aliyebaki akihema.

"Mama Diana, nisubiri!"

"Nitakutumia mama na fimbo!" Ikupa alimjibu, akapanda.

Bibi Sekela alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, tayari kushuka.

"Kaa, mama," Ikupa alisema. "Leo nimefika mwenyewe."

Walikumbatiana. Ikupa alilia kwa furaha. Bibi Sekela akamkagua juu mpaka chini.

"Mbona umepungua? Zabron hakupi chakula?"

Akaleta ugali wa ulezi mkubwa, maharage na majani ya maboga. Ikupa alijaza majani kwanza, kisha maharage, kisha akamega ugali kidogo.

"Hicho tu?" bibi Sekela aliuliza.

"Kinanitosha, mama. Ugali ukinilemea, nitashindwa kurudi mwezi ujao."

"Utarudi mwezi ujao?"

"Kwa miguu yangu. Usinifuate tena njiani."

Bibi Sekela alitabasamu. Kisha akanyanyua ile fimbo, akafukuza kuku waliosogelea sahani ya binti yake.