Kichujio cha Adabu

"Shikamoo, bibi yangu mpendwa. Ni matumaini yangu kwamba wewe na babu mnaendelea vyema na afya."

Maneno hayo yalitoka Mwezini, yakashuka mpaka sebuleni kwa Subilaga pale Mbeya, na aliyeyasema ni mtoto wa miaka tisa. Hebu fikiria! Mtoto wa kuchezea vumbi anaongea kama mgeni rasmi anayefungua semina. Subilaga aliitikia marahaba, akamtania mjukuu wake huyo, Bupe, kwa kumwuliza kama mke mwenzake leo amempikia nini babu, kisha akasubiri kidogo, maana maneno yalihitaji nafasi ya kwenda na kurudi. Jibu likaja: siku yake imekuwa njema, na anashukuru sana kwa kuulizwa.

Kazi hiyo yote ilifanywa na sikio-kalimani, kifaa kidogo kama punje ya harage, kinachokaa ndani ya sikio na kukugeuzia lugha yoyote duniani iwe yako. Bupe aliongea Kiingereza kule juu, lugha ya makazi yote ya Mwezini. Bibi yake akasikia Kiswahili. Bibi alijibu Kiswahili, Bupe akasikia Kiingereza. Tangu kifaa kianze kuuzwa, nani angehangaika kumfundisha mtoto lugha ya baba yake? Hata Ambwene, mwana wa Subilaga na baba wa Bupe, aliyeishi naye huko Mwezini, alizungumza na binti yake mwenyewe kupitia harage hilo.

Sasa, kwa desturi ya akina Subilaga, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Mume wao ni mmoja, naye ni babu. Bibi humwita mjukuu mwizi wa waume za watu, mjukuu humwambia bibi amechakaa, awaachie wenye nguvu. Hivyo ndivyo Subilaga alivyoishi na bibi yake mzaa baba, na hakuna mtu aliyempenda zaidi ya yule kikongwe. Kwa hiyo kila Jumapili alimchokoza Bupe, na kila Jumapili Bupe akamjibu kama kadi ya mwaliko wa harusi.

Jioni moja Ambwene alipiga mwenyewe. Alizunguka sana, akaulizia mahindi, akaulizia goti la baba. Mwishowe akalitoa lililomfanya apige. Bupe anasema maongezi na bibi yanamchosha, hana cha kumwambia. Je, wapunguze, wawe wanapigiana kwenye sikukuu tu?

Subilaga alisema sawa, mwanangu. Akaweka simu, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Iliuma, tena iliuma vibaya. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa anamponyoka bila hata ugomvi.

Huenda angelimeza jambo hilo likapita, kama si vali. Subilaga alikuwa fundi wa mabomba katika kituo cha umeme wa mvuke, na wiki hiyo vali moja ya kufungia mvuke ilifyatuka, mvuke ukapita karibu na kichwa chake. Mhandisi mgeni kutoka Aisilandi alikuja mbio, uso umemwiva kama nyanya, mishipa ya shingo imemtoka, mikono inakata hewa. Alipiga kelele kwa muda mrefu. Sikioni mwa Subilaga ikaingia sauti tulivu: "Mama, tafadhali naomba usogee kidogo."

Subilaga alisimama pale akimtazama yule mtu. Basi na huyu naye anatafsiriwa hivi, alijiambia. Na mjukuu wangu je?

Kesho yake alikwenda kwa Tumpe, binti anayetengeneza vifaa vya masikio pale Mwanjelwa. Tumpe hakumficha kitu. Ndani ya kila sikio-kalimani kuna kichujio cha adabu. Kiliwekwa kwa sheria, baada ya watu wa lugha mbalimbali kuanza kutwangana ngumi kwa maneno waliyotafsiriwa kavukavu. Kichujio huondoa matusi na makaripio, hupunguza ukali, kisha huongeza salamu na maneno matamu yanayomfaa msikilizaji.

"Na utani?" Subilaga aliuliza.

"Utani ndio wa kwanza kutoka, mama. Mashine haijui nani anatania na nani anatukana, kwa hiyo inafuta vyote. Na kicheko pia."

"Hakizimwi?"

"Hakizimwi. Labda usivae kabisa."

Alirudi nyumbani na hofu mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza. Kila Jumapili Bupe alimaliza kwa kusema nakupenda, bibi. Sasa ni Bupe huyo, au ni kichujio? Chini ya shikamoo zile zote huenda kulikuwa na mtoto anayesema niacheni nikacheze. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kumsikia kwa masikio matupu.

Kiingereza hakikufundishwa tena popote. Lakini katika maktaba ya jiji kulikuwa na msomeshi, mashine ya zamani yenye kioo na sauti ya kike, imefunikwa kitambaa. Subilaga alikiondoa, akapiga chafya, wakaanza. Msomeshi alifundisha kwa vifungu vifupi, sentensi tano au sita basi. Mwanamke ana kikapu. Kikapu ni chekundu. Kifungu kingine kilimhusu mume mzee anayetafuta miwani nyumba nzima, mkewe akimwuliza maswali, kumbe miwani iko kichwani. Hicho Subilaga alikipenda mno, maana alimwona humo mumewe Nsajigwa, yeye hasa. Alikirudia mpaka akakijua kama sala.

Walikorofishana pia. Alitaka kujua kwa nini kitenzi cha kuwa kinabadilisha sura kila kikutanapo na mtu mpya, kama mdaiwa. Msomeshi hakukasirika kamwe. "Tusome tena," alisema, na wakasoma tena. Nyumbani Subilaga alisonga ugali huku midomo ikichezacheza, hadi Nsajigwa akaanza kuwaambia majirani kwamba mke wake ameokoka.

Ikafika sikukuu. Simu ya Mwezini ikaita mchana, baada ya kula. Nsajigwa alikuwa ameketi kitini kwake, sikio-kalimani lake sikioni. Uso wa Bupe ukajaa kwenye kioo, kidevu mkononi, macho yanatafuta pa kutokea. Subilaga akachomoa harage lake, akaliweka kwenye kisahani cha kikombe. Akasema kwa Kiingereza, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Bupe. I am the first wife. You are the small wife. You are a thief."

Alijua maneno lazima yafike kwanza. Kidevu cha Bupe kikainuka. Mdomo ukabaki wazi. Nimemtukana mtoto, Subilaga aliwaza, nimeharibu kila kitu.

Ndipo kikaja kicheko. Kicheko kikubwa, cha puani, kibaya, cha kukwaruza, ambacho hakuwahi kukisikia kwa Bupe, na kilikuwa kile kile cha Ambwene alipokuwa mdogo. Bupe alisogeza uso karibu na kioo.

"How is my husband?" aliuliza. "Is he old? Give him to me!"

Kila neno Subilaga alilijua. Neno la mume alilipata kwenye kile kifungu cha mzee wa miwani, na la uzee vilevile. Kumbe Ambwene alikuwa amemweleza desturi ya bibi na mjukuu! Kumbe mtoto alikuwa akirusha utani kila Jumapili, naye akirushiwa, na harage likawageuza wote wawili kuwa wageni rasmi. Subilaga alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Nsajigwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine, amechanganyikiwa.

"Mbona mnacheka?" alisema. "Mtoto amenisalimu vizuri tu. Anasema shikamoo babu, anaomba kujua hali ya afya yangu."

"Litoe hilo dude sikioni, mume wangu," alisema Subilaga. "Nitakutafsiria mimi. Mke wako mdogo anakutaka."