Fundi Aliyekataa Kipande cha Kwanza

Fundi wa mikate hakuwa na shamba, hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti cha ufundi. Kwa miezi saba hakuwa na raha ya tumbo pia.

Kiwandani kwao kila asubuhi fundi alikula kipande cha kwanza mbele ya wafanyakazi. Asipokula, mikate haitoki kwenda kuuzwa. Lakini kila alipokula, tumbo lilimjaa gesi, kichwa kikamgonga, akili ikawa nzito. Alinyamaza, akiogopa kunyang'anywa tanuri, kazi pekee aliyoijua.

Mkewe alimshauri aache ngano. Aliacha kimyakimya, kile kipande akawa anakitemea kwenye leso. Baada ya wiki tatu alipata nafuu, akaenda kujisifu kwa jirani yao, muuguzi.

"Umeacha kabla ya kupimwa, shemeji?"

"Si nimepona?"

"Umepata nafuu tu. Sasa hata ukipimwa damu, majibu yanaweza kudanganya. Rudia kula mkate."

"Shemeji, wewe ni muuguzi au adui yangu?"

Muuguzi alimweleza kuhusu siliaki. Ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huufanya mwili ujeruhi utumbo wake wenyewe. Anayepimwa lazima awe bado anakula ngano.

Fundi alikula mkate wiki sita, amenuna. Daktari akampima: hana siliaki, hana mzio wa ngano. Alipochukua likizo, daktari alimwachisha ngano kwa mpango, kisha akairudisha. Maumivu yakarudi nayo. Basi ikajulikana kwamba mwili wake hauivumilii ngano. Hali hiyo haina kipimo cha damu. Hutambuliwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa. Asiye na hali hiyo wala magonjwa hayo hana sababu ya kuacha mkate.

Fundi akashika wali, mihogo na viazi. Tumbo likatulia, kichwa kikawa chepesi. Lakini likizo ilikuwa inaisha Jumatatu. Akamwandikia mwenye kiwanda:

"Mkate wetu ni mzuri. Tatizo ni tumbo langu. Naomba mwenzangu anayekanda unga aonje badala yangu, nami nibaki kwenye tanuri. Kwa wiki tatu nilikitema kipande kile. Nisamehe."

Mkewe alisoma. "Hilo la kutema lazima uliseme?"

"Lazima."

"Haya. Gundi ya bahasha usiilambe, isije ikawa ya ngano."

Fundi aliilowesha kwa maji, akaibana bahasha kwa kidole gumba, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.