Aliyeitika Mlimani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba ya Rwamishenye Verdiana alipoingia dukani kwa Yunus kununua shali ya mtoto mchanga.

"Umepata mjukuu, mama?" Yunus aliuliza huku akimfungia ile ya njano.

"Mtoto," alijibu.

Yunus alidhani hakusikia vizuri. Mwanamke mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Alfajiri yake Verdiana alikuwa mjini Bukoba, kando ya ziwa, mahali magari ya watalii yanapoanzia safari. Agnetha, binti wa kaka yake, alikuwa anawaongoza walimu watano kwenda kulala usiku mmoja katika hifadhi ya milimani, upande wa Karagwe. Kiti kimoja kilibaki, akampa shangazi yake. Walimu waliimba kutoka Kyaka hadi Kayanga. Verdiana hakuimba.

Alikuwa anaujua ule mlima. Miaka thelathini na mbili nyuma, kabla hapajawa na lango wala mabango, mumewe Rweyemamu alikuwa bwana mifugo kule, nao walikaa kibanda kimoja chini ya mwamba. Siku moja Verdiana alimlaza mtoto wao wa miezi mitatu juu ya mkeka, akaenda kuchota maji. Hatua ishirini tu. Aliporudi, mkeka ulikuwa bado una joto.

Mtoto hakuwepo.

Walitafuta siku saba. Hawakupata hata uzi wa nguo yake. Na kwa kuwa nyumba yenye mtu aliyepotea haina amani, ukoo ulikata kipande cha mgomba, urefu wa mtoto. Wakakivika sanda, wakakipa jina, maana yule kichanga alikuwa hajapewa bado. Joyness. Wakakizika kijijini kwao Buganguzi, wakakaa matanga siku nne. Verdiana alilia hadi sauti ikamkauka. Hakuzaa tena.

Desemba iliyopita Rweyemamu naye alikufa. Neno lake la mwisho lilikuwa: "Nenda kamwite. Mtu asiyeitwa harudi."

Basi saa kumi na mbili jioni, walimu wakiwa wanahangaika na mahema, Verdiana alijitenga. Mwamba aliukuta palepale. Akatandaza shali juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mzito, kama moshi wa majani mabichi.

"Joyness!"

Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Joyness!"

Ndege waliacha kulia. Mara ya tatu sauti yake ilikatika katikati…

"Abee, Maawe."

Sauti ilitoka nyuma yake, ikimwita mama kwa Kihaya.

Kabla hajageuka, alisikia harufu. Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi. Mtu aliyekulia Buganguzi hawezi kuikosea harufu hiyo. Lakini mlimani kule hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kanga imemgandama kwa umande. Viganja vyake vilikuwa vinadondosha maji mazito. Tone… tone… Yalipoangukia jiwe, yaliacha madoa ya kahawia.

"Wewe ni mwanangu?" Verdiana alinong'ona.

"Mimi ndiye mliyemzika."

Verdiana alilishika jiwe. Akakaa.

"Mlinivika sanda," yule mwanamke alisema polepole. "Mkanipa jina. Ulinililia siku nne, Maawe. Hakuna mgomba uliowahi kuliliwa hivyo. Ningelalaje?"

"Na mwanangu je?"

Mwanamke alionyesha bondeni kwa kidevu.

Ndipo Verdiana aliposikia. Kichanga, kinalia. Kilio cha mtoto wa miezi mitatu mwenye njaa… kilekile. Miaka yote ile ilikuwa imepita bila kumgusa. Matiti ya Verdiana, makavu miaka thelathini, yakaanza kumwasha.

"Mbona haji? Nimemwita!"

"Umeniita mimi. Jina ni moja, na ninalo mimi. Sema tu kwamba si langu, nami nitalivua. Atakuja."

"Na wewe?"

Aliitazama mikono yake. "Nitarudi kuwa nilichokuwa. Sikatai, Maawe. Wewe ndiye mzazi."

Neno moja tu. Verdiana alikuwa analo mdomoni. Akainua uso alitamke, na katika mwanga ule uliokuwa unakufa akaliona paji la Rweyemamu. Akaona na midomo ya mama yake mzazi. Sijui machozi yana mbegu gani. Yule mwanamke alipiga magoti, akaishika miguu ya Verdiana iliyopigwa baridi, akaanza kuisugua, taratibu, kama binti anavyomfanyia mama yake aliyetoka mbali.

Kule bondeni mtoto alilia.

Akalia mpaka sauti ikakwaruza. Ikawa kwikwi. Kwikwi zikaachana…

Verdiana aliziba masikio.

Alipoyazibua, palikuwa kimya.

"Shangazi!" Tochi ya Agnetha ilipasua ukungu. "Waitu, jamani, tumekutafuta kila mahali! Unaongea na nani?"

Verdiana alikuwa peke yake juu ya mwamba. Shali haikuwepo. Miguuni, kuanzia vifundoni hadi nyayoni, alikuwa na madoa ya kahawia, ambayo Agnetha aliyasugua kwa sabuni hadi akachoka bila kuyatoa.

Asubuhi gari lilianza kushuka. Walimu walikuwa na macho mekundu kama watu waliokosa usingizi. Hatimaye mmoja wao, Joviana, mwanamke mpole aliyekaa kiti cha mbele, aligeuka.

"Samahani, mama. Jana jioni kuna kichanga kilikuwa kinalia kule bondeni. Sote tulikisikia. Tukasema labda ni cha askari wa hifadhi, lakini Agnetha anasema hakuna familia inayoishi huku."

Agnetha aliangalia nje dirishani. Mujuni, dereva, alinyoosha mkono akazima redio.

"Ni wangu," alisema Verdiana.

Joviana alitabasamu, tabasamu la mtu asiyejua la kufanya. Kisha, kwa adabu tu, akauliza:

"Anaitwa nani?"

Verdiana alifungua mdomo. Jina lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na mwenyewe.

Gari lilikata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walimu wote walikuwa wamemgeukia, wakisubiri.