Picha Kutoka Kisimani

Haya yalimpata rafiki yangu Walubengo, mpiga picha wa gazeti moja hapa Eldoret. Mwezi wa nne alitumwa Sugoi, ambako mchimba kisima aitwaye Kiplimo alikuwa amefukiwa na udongo akiwa chini kabisa. Siku ya tano waokoaji walikata tamaa wakaenda zao. Alibaki mkewe, Jerop, ameketi ukingoni.

"Piga picha mpaka chini," alimwambia Walubengo. "Watu wakiona, watarudi kumtoa."

Shimo lilikuwa giza tupu. Walubengo akawasha flashi, akaiseti kamera ipige picha yenyewe kila sekunde kumi, akaifunga kamba, lenzi ikitazama chini, kisha akaishusha polepole. Walisikiliza mlio wake ukididimia. Ka. Kimya. Ka. Halafu ukasikika mlio mwingine, mzito, kutoka chini zaidi, kabla sekunde kumi hazijaisha.

"Umesikia?" Jerop aliuliza.

"Ni mwangwi tu, Mama," alijibu. Akaivuta kamera juu haraka.

Walizipitia picha moja moja hapo hapo. Udongo, mawe, maji meusi, kama alivyotarajia. Ile ya mwisho alinionyesha mimi pia, na gazeti halikuichapisha. Imepigwa kutoka chini kuangalia juu. Kule juu kuna duara dogo la mwanga, na nyuso mbili zimeinama, ya Walubengo na ya Jerop. Katikati ya shimo, ikining'inia kwenye kamba, inaonekana kamera yenyewe.