Marafiki Watano wa Bibi Maureen

Kila siku alasiri, mara tu shule ilipofungwa, Elsie Sugden na rafiki yake Zeeshan walitupa mikoba yao jikoni kwa Bibi Maureen, wakachukua rundo la karatasi na mwiko mmoja wa mbao, wakaingia mitaani. Mwiko huo haukuwa wa kupikia. Milango ya mji wao, Thornbeck, ina tundu la kutumbukizia barua, na nyuma ya tundu mara nyingi hukaa mbwa anayesubiri vidole. Zeeshan alikwisha kuumwa mara mbili, na tangu hapo karatasi zote za kampeni zilisukumwa ndani kwa mwiko, mbwa wakabaki wakitafuna mti.

Bibi Maureen, aliyewahi kuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minane, alikuwa akigombea kiti katika baraza la mji. Sababu yake ilikuwa moja tu, nayo ni bwawa la kuogelea. Paa lake lilivuja na baraza lilitaka kulifunga. Wagombea wengine waliahidi kulitengeneza na papo hapo kupunguza kodi, pasipo kueleza hizo fedha zingedondoka kutoka mbingu ipi. Bibi Maureen yeye aliandika waziwazi kwamba bwawa likibaki, kila nyumba italipa pauni moja zaidi ya kodi kwa mwezi. Elsie alijifunza kuogelea humo akiwa na miaka minne, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Hakuna alichokitaka zaidi duniani kuliko bibi yake ashinde.

Kazi haikuwa nyepesi. Mzee Oldroyd, fundi bomba mstaafu, aliwarudishia karatasi yao kupitia tundu lilelile.

"Walewale tu," alisema kutoka ndani. "Kodi yangu naijua inakoingilia. Inakotokea, huu mwaka wa hamsini sijaonyeshwa."

"Lakini Bibi si kama wale wengine, mzee," Elsie alimjibu.

"Kila mmoja si kama wengine, mpaka akipate kiti."

Zeeshan alicheka njia nzima hadi nyumba ya tatu. Elsie hakucheka. Aliona kwamba kwa watu wa namna ile, karatasi nyeusi na nyeupe zilizochapwa nyumbani zisingefua dafu.

Jumamosi ilifanyika chai ya kuchangisha fedha za kampeni. Bibi Maureen alioka skonzi mia moja na ishirini, akazipanga uani pamoja na jamu na krimu. Mvua ilikuja, kama ilivyo desturi yake ya kuhudhuria sherehe bila kualikwa, na watu wakaendelea kula chini ya miavuli huku wakitaniana. Elsie alipewa kopo la fedha na daftari. Bibi alimweleza sheria mara mbili, na mara ya pili alimnyooshea kidole: mchango unaozidi pauni hamsini lazima uandikwe jina na anwani ya mtoaji, na asiyetaka kutajwa arudishiwe fedha zake hapo hapo.

Saa kumi akaja Bwana Gledhill, muuzaji wa nyumba za magurudumu, zile ambazo watu hufunga nyuma ya gari wakaenda nazo likizo. Alikula skonzi tatu, akampa Elsie bahasha yenye pauni mia mbili.

"Jina langu liache, binti," alisema huku akijifuta krimu mdomoni. "Mimi ni mtu wa haya. Bibi yako akishinda atanikumbuka tu. Ule uwanja wa kando ya bwawa ungefaa sana kuegesha nyumba zangu."

Elsie alijua la kufanya, nalo lilikuwa kuirudisha ile bahasha. Lakini pauni mia mbili zingechapa karatasi za rangi za kutosha mji mzima, tena zenye picha ya bwawa. Bwana Gledhill alipoondoka, aliinamia daftari akaandika mistari mitano: rafiki, pauni arobaini; rafiki, pauni arobaini; hivyo hivyo mpaka mia mbili zikatimia. Arobaini haijafika hamsini, na kwa hiyo hakuna wa kuuliza jina. Alijiona mjanja kweli kweli.

Alipomnong'oneza Zeeshan, mwenzake alijikuna kichwa. "Sasa hii si sawa na kula keki nzima vipandevipande, halafu unaapa hukula keki?"

"Funga domo lako," Elsie alisema.

Jioni Bibi Maureen alipoona jumla, alimbusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akatia sahihi chini ya ukurasa bila kusoma mstari hata mmoja. Alimwamini. Busu lile lilimkaa Elsie vibaya wiki nzima.

Alhamisi wagombea watatu waliitwa katika ukumbi wa kanisa ili waulizwe maswali. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Bibi Maureen alizungumzia bwawa na ile pauni moja, na baadhi ya watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Mzee Oldroyd aliposimama akasema kwamba yeye hana shida na pauni, shida yake ni wanaoishika. Akataka kila mgombea aeleze nani anamlipia kampeni.

Bibi Maureen alitabasamu. Hilo ndilo swali alilolingoja. Alifungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti michango ya Jumamosi, mstari baada ya mstari, mpaka akafika kwa wale marafiki.

"Rafiki, pauni arobaini. Rafiki, pauni arobaini. Rafiki..." Sauti yake ikapungua.

"Marafiki watano, na wote arobaini arobaini," alisema Mzee Oldroyd. "Hao wameshonewa sare?"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Bibi Maureen alilitazama daftari, kisha akamtazama Elsie. Angeweza kugeuza ukurasa na kuendelea, na Elsie angeweza kuinamia viatu vyake. Lakini kuona bibi yake akichekwa kama mwizi kulimuuma kuliko alivyowahi kuumia. Alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna marafiki watano. Ni Bwana Gledhill, alitoa mia mbili akataka jina lake lisiandikwe. Mimi ndiye niliyezigawa. Bibi hakujua chochote."

Bibi Maureen alikunja miwani yake polepole.

"Mwandiko ni wa mjukuu wangu, lakini sahihi ni yangu," alisema. "Nilitia sahihi kitu nisichokisoma, na kosa hilo ni langu. Fedha zote bado ziko kwenye kopo. Kesho zinarudi kwa mwenyewe, na kesho hiyo hiyo nitawaandikia wasimamizi wa uchaguzi niwaeleze yote."

Vichwa vyote vilimgeukia Bwana Gledhill, aliyeketi safu ya nyuma na ghafla alikuwa akikagua boriti za dari. Hapo mgombea wa pili, Bi Pickersgill, akakohoa kidogo.

"Mimi nami ninayo bahasha yake," alisema. "Na mimi aliniambia ni mtu wa haya."

Mgombea wa tatu akainua mkono, uso umemwiva. Safari hii ukumbi ulicheka hadi mchungaji aliyekuwa akiongoza mkutano akalazimika kuvua miwani na kujifuta machozi.

Kesho yake Elsie alitumwa kuirudisha bahasha kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Gledhill aliipokea akinuna, akamwambia kwamba mkono mtupu haulambwi. Elsie akamjibu kwa adabu kwamba bibi yake hana mazoea ya kulamba mikono, akaaga, akakimbia. Karatasi za rangi hazikuchapwa. Badala yake yeye, Zeeshan na darasa zima la kuogelea waliandika karatasi mia sita kwa mkono, nyingine zikiwa na samaki waliochorwa vibaya, na watu wa Thornbeck wakazibandika madirishani.

Siku ya kura, Mzee Oldroyd alifika kituoni na mbwa wake. Jirani mmoja alisema hajamwona hapo tangu mzee huyo akiwa na nywele kichwani. Matokeo yaliposomwa, Bibi Maureen alikuwa ameshinda kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Elsie na Zeeshan walirukaruka mpaka wakaambiwa watoke nje, nao wakaenda kurukia huko.

Walipotulia, Elsie alimuuliza bibi yake kama karatasi za rangi zingemletea kura zaidi.

"Huenda," alisema Bibi Maureen. "Lakini ningekikalia kile kiti huku nimeikalia siri, na siri hairuhusu mtu kukaa vizuri. Sikiliza, mwanangu. Sisi tunawadai watu kodi yao, nao wanatudai ukweli wetu. Asiyelipa deni lake hana uso wa kudai la mwenzake. Ulikosea siku ile ya chai, lakini pale ukumbini ulilipa, tena mbele ya watu."

Mzee Oldroyd, aliyekuwa karibu akifungua kamba ya mbwa, aliguna.

"Hiyo pauni nitailipa," alisema. "Ila msidhani nimelala. Nitauliza kila mwezi imekwenda wapi."

"Uliza, Bwana Oldroyd," Bibi Maureen alimjibu kwa furaha, akimshika Elsie bega. "Siku mtakayoacha kuniuliza, ndiyo siku nitakayoanza kuharibika."